Kuhifadhi Ukoka Mpya Penye Nyumba Inayojengwa



Wengi wetu twajenga kidogo kidogo, tukiongeza matofali machache kila mwisho wa mwezi. Basi masika hutukuta ukuta umesimama na uwanja u mtupu, na mvua huchimba udongo hata kwenye msingi. Ndiyo sababu twapanda nyasi kabla fundi hajaondoka.

Sisi tulipanda ukoka, futi 1 kati ya shina na shina, ukashika vizuri. Siku moja, nasi tuko kazini, mafundi walikoroga saruji juu yake. Jioni tukakuta utandu mgumu wa kijivu, na pale hapakuota kitu hata tulipoondoa udongo wa juu tukatia mwingine. Maji ya saruji huunguza mizizi michanga (na vidole pia, muulizeni mwashi yeyote).

Tangu hapo toroli lina njia moja tu, juu ya mbao, nazo mbao huinuliwa kila jioni, maana nyasi zikifunikwa siku nyingi hugeuka manjano zikaoza. Saruji hukorogwa juu ya bati, kando ya barabara. Lori haliingii kabisa: udongo uliolowa ukishindiliwa na magurudumu, maji hayapenyi wala mizizi.

Ua wa miiba huzuia mbuzi, fundi haumzuii. Kwake yeye yafaa kupatana kwa maandishi kabla ya kazi, kwamba palipoharibika atapanda yeye. Fundi wetu wa pili alicheka, akatia sahihi, kisha akazitandaza mbao mwenyewe.