Weusi wa Tairi na Uzima Wake
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja la kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali, na miongoni mwa majukumu yangu ni magari ya kwenda vijijini, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Nitazungumzia kuyasafisha matairi yake yakawa meusi. Msicheke, somo hili lina kemia, na lina roho za watu.

Mpira wa asili si mweusi. Matairi ya kwanza yalikuwa meupe-meupe. Weusi ulikuja mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vilipoanza kuchanganya mpira na masizi laini yaitwayo kaboni nyeusi. Masizi hayo huufanya mpira usilike upesi, tena huukinga na miali ya jua. Hutiwa pia nta na kemikali za kuukinga na ozoni iliyomo hewani. Vitu hivyo hutoka nje polepole na kuacha utando wa kahawia. Basi ukahawia ule si vumbi la barabara peke yake. Ni kinga iliyokwisha kufanya kazi yake.

Kuusafisha ni rahisi. Egesha gari kivulini, matairi yapoe. Toa tope lote, hata lililojificha katikati ya meno. Sugua kwa brashi na maji ya sabuni, gurudumu moja moja, kisha suuza na ukaushe. Ukitaka mng'ao, paka kwa kitambaa dawa ya matairi iliyotengenezwa kwa maji, kidogo tu, ubavuni. Usiipake kwenye meno, maana tairi litateleza. Petroli, dizeli, mafuta ya taa na oili chafu viepukwe kabisa: hung'arisha leo, na huula mpira kesho.

Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, kila ulipotangazwa ugeni, matairi yalipakwa oili chafu. Siku moja dereva mmoja mzee alisema hapaki kitu kabla hajaosha. Alipolala chini kuosha tairi la nyuma, upande wa ndani, alikuta nundu kama yai. Nundu ya namna hiyo ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika. Safari ilikuwa ya kuteremka mlima, na abiria tisa. Tairi likabadilishwa, msafara ukachelewa, mkubwa akanuna. Jioni wote tisa walirudi majumbani kwao.

Vijana, mkitoka hapa tazameni gari la shule. Someni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pimeni kina cha meno. Nchi nyingi hazikubali kipungue milimita 1.6. Tafuteni nyufa, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa tairi hauzibiki.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtakapokabidhiwa mali ya umma, isafisheni ili muione ilivyo, wala si ili wageni wasiione.