MWALIMU WA WAUGUZI: MAISHA YA BIBI NITA BARROW

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu wa ushirika. Imenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa wanauguza na wale ambao hawakuwahi. Msomaji anaombwa asichane karatasi.)



Nimepewa nafasi kidogo kabla hatujafika ajenda ya tano, ile ya kupendekeza watu wawili wa kwenda kusomea uhudumu wa afya kisha warudi kuhudumia kaya zetu. Najua majina yameshaanza kutajwa kwenye vijiwe. Huyu anasema apelekwe mwanangu maana amekaa bure. Yule anasema hiyo kazi ya kupita nyumba kwa nyumba si kazi, ni maneno matupu. Heri hizo fedha tukapake rangi zahanati. Mimi sikuja kumpigia kampeni mtu. Nimekuja kuwasimulia maisha ya mama mmoja aliyekuwa muuguzi, halafu akawa mwalimu wa wauguzi. Mkishasikia, mtapima wenyewe.

Mama huyo ni Bibi Ruth Nita Barrow. Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1916 katika kisiwa cha Barbados, huko katika visiwa vya Karibi, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 430 tu. Wakazi wake wengi ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika wakapelekwa kulima miwa. Utumwa ulikwisha katika miaka ya 1830, lakini miwa ilibaki, na mashamba yalibaki mikononi mwa matajiri wachache. Mkulima alikata miwa ya mtu mwingine na kulala kwenye kibanda kilichojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Sasa hesabu ya vifo. Katika miaka ya 1930, katika kila watoto 1000 waliozaliwa Barbados, zaidi ya 200 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Yaani mtoto mmoja katika kila watano. Kila mama aliyezaa watano alijua kwamba huenda akazika mmoja akingali anamnyonyesha. Watoto hawa walikufa kwa kuharisha, kwa utapiamlo, kwa maji machafu, kwa nyumba zenye msongamano. Julai 1937 watu walichoka, ghasia zikazuka mjini Bridgetown, na watu 14 wakauawa.

Wakati wa ghasia zile, Nita Barrow alikuwa msichana wa miaka 20, yuko mafunzoni katika Hospitali Kuu ya Barbados. Alikuwa ameanza uuguzi mwaka 1935.

Nyumba aliyotoka haikuwa nyumba ya kukaa kimya. Baba yake alikuwa mchungaji, na mwaka 1922 alifukuzwa kisiwa cha St. Croix kwa sababu ya kuwasemea wanyonge. Mjomba wake, Charles Duncan O'Neal, alikuwa daktari aliyesomea Uingereza. Akarudi nyumbani, na mwaka 1924 akaanzisha chama cha siasa cha kutetea wafanyakazi na kupinga watoto wadogo kufanyishwa kazi mashambani. Mdogo wake Nita, Errol Barrow, ndiye aliyeiongoza Barbados kupata uhuru tarehe 30 Novemba 1966 na kuwa Waziri Mkuu wake wa kwanza. Watoto wa nyumba hiyo walikua wakijua kwamba elimu ya mtu mmoja ni mali ya ukoo, na mali ya ukoo ni ya jirani pia.

Baada ya uuguzi, Nita alikwenda Trinidad kusomea ukunga. Kisha akapata ufadhili wa Rockefeller kwenda Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kusomea afya ya jamii. Hapo ndipo njia yake ilipogeuka. Nesi wa wodini anamngoja mgonjwa aletwe. Nesi wa afya ya jamii anamfuata mtu mzima nyumbani kwake kabla hajawa mgonjwa. Anaangalia maji yanatoka wapi, choo kiko wapi, mtoto amelala na nani, sufuria ina nini. Mgonjwa wa wodini atapona, arudi kwenye maji yaleyale, kesho aletwe tena. Aliyeelezwa nyumbani akaelewa, huenda asiletwe kabisa.

Mwaka 1945 alikwenda Jamaika kufundisha katika chuo cha afya ya jamii kilichopokea wanafunzi wa visiwa vingi. Hapo baadaye alisoma tena Edinburgh huko Scotland, akarudi Kingston kufundisha wauguzi. Nyakati hizo za ukoloni, ndugu zangu, vyeo vya juu hospitalini vilikuwa vya wanawake waliotoka Uingereza. Mzalendo angeweza kukesha wodini miaka 20, lakini ufunguo wa ofisi ya matroni hakuwa anaushika. Mwaka 1954 Nita Barrow alikuwa mzaliwa wa kwanza wa visiwa hivyo kuwa matroni wa hospitali ya chuo kikuu huko Jamaika. Mwaka 1956 akawa muuguzi mkuu wa serikali ya Jamaika.

Hapo mtu angesema, basi amefika, akae. Lakini yeye aliona kasoro moja kubwa. Kila kisiwa kilikuwa kinafundisha wauguzi wake kivyakevyake. Msichana aliyehitimu kisiwa kimoja, akienda kingine anaambiwa hujui. Kuanzia mwaka 1964, akiwa mshauri wa uuguzi wa Shirika la Afya la bara la Amerika, alipita kisiwa kwa kisiwa akikagua vyuo vya wauguzi, akiangalia walimu ni wangapi, wanafundisha nini na wanafunzi wanafanya nini wodini. Nia yake ilikuwa mafunzo yawe na kipimo kimoja, muuguzi wa kisiwa masikini asiwe nusu ya muuguzi wa kisiwa tajiri.

Jamani, hebu tufanye hesabu ya shambani. Muuguzi mmoja hodari akihudumia watu 30 kwa siku, siku akistaafu hesabu imekwisha. Lakini akifundisha wenzake 30, na kila mmoja akaenda kwenye kata yake, hata akifa kazi inaendelea. Mbegu ya kula ni tofauti na mbegu ya kupanda. Sisi wakulima hatuhitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Mwaka 1971 Bibi Barrow aliitwa Geneva, Uswisi, kwenye tume ya afya ya Baraza la Makanisa la Dunia. Katikati ya miaka ya 1970 akawa mkurugenzi wake. Tume hiyo ilikuwa imegundua jambo la kuumiza: sehemu kubwa sana ya fedha za makanisa zilizokuwa zinakwenda kwenye afya katika nchi masikini zilikuwa zinaishia ndani ya kuta za hospitali. Hospitali nzuri, lakini nje ya ua wake watoto wanaendelea kufa kwa magonjwa ambayo yangezuilika kwa maji safi na maelezo.

Basi tume ikatafuta mahali ambapo watu wanafanya vingine. Mfano mmoja ni Jamkhed huko India. Mwaka 1970 madaktari wawili, Rajanikant na Mabelle Arole, mtu na mkewe, walianza kazi katika vijiji vya wakulima masikini. Hawakutafuta wasichana wenye vyeti. Waliviambia vijiji vichague wanawake wao wenyewe, watu wazima wanaoaminika. Wengi wao hawakujua hata kusoma. Wakafundishwa kidogo kidogo, wakirudi kijijini kila baada ya mafunzo: kumwangalia mama mjamzito, kumpima mtoto, kumpa maji ya chumvi na sukari mtoto anayeharisha. Vifo vya watoto vikapungua sana. Waliopunguza ni wale akina mama waliokuwa wanapuuzwa.

Mifano ya namna hii ilifikishwa kwa Shirika la Afya Duniani, likaisikiliza. Septemba 1978 mataifa yakakutana Alma-Ata, mji ambao leo unaitwa Almaty, katika nchi ya Kazakhstan, yakatoa azimio kwamba afya ya msingi ianzie pale watu wanapoishi na kufanya kazi, na wao wenyewe washiriki kuipanga. Zahanati zetu za vijijini na hawa wahudumu tunaotaka kuwachagua leo ni watoto wa wazo hilo.

Nasi hatukuwa wageni wa jambo hili. Wazee mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio ilikuwa inawekwa katikati, watu wanaizunguka, kipindi kikiisha wanajadili, halafu wanakwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Walishiriki watu wapatao milioni mbili nchi nzima. Na mwaka 1976 Baraza la Kimataifa la Elimu ya Watu Wazima lilifanya mkutano wake mkubwa Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere akahutubia. Baraza hilohilo, mwaka 1982, lilimchagua Bibi Barrow kuwa rais wake. Ona basi: muuguzi akaongoza elimu ya watu wazima wa dunia! Kwake yeye kumwuguza mtu na kumfundisha zilikuwa kazi moja.

Afrika Mashariki alifika kwa kazi kubwa. Julai 1985 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa wanawake Nairobi, na pembeni yake, Chuo Kikuu cha Nairobi, kukawa na baraza la vyama vya hiari. Walifika watu wapatao 14,000. Aliyepewa kuliandaa na kuliongoza ni Bibi Barrow, akiwa na miaka 68. Mkutano uliotangulia, wa Copenhagen mwaka 1980, ulikuwa umejaa ugomvi. Nairobi wakasimamisha Hema la Amani, ambamo wanawake ambao nchi zao zinapigana waliweza kukaa na kusemezana. Na akina mama wa vijijini wa Kenya, na vitambaa vyao kichwani, walikaa palepale na maprofesa.

Mwaka 1986 nchi za Jumuiya ya Madola zilituma watu saba mashuhuri Afrika Kusini kutafuta njia ya kumaliza ubaguzi. Mmoja alikuwa mwenzetu, Ndugu John Malecela. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Bibi Barrow. Walimwona Nelson Mandela gerezani. Mei mwaka uleule makaburu walishambulia Gaborone, Harare na Lusaka, na kazi ya ujumbe ikavunjika. Lakini ripoti yao ilieleza dunia ukweli wa kule.

Mwaka 1986 pia akawa balozi wa nchi yake Umoja wa Mataifa. Juni 1990 aliapishwa kuwa Gavana Mkuu wa Barbados, mwanamke wa kwanza. Kisiwa kilekile ambacho alianza kwa kumwaga beseni wodini, sasa yeye ndiye anayekaa kwenye nyumba ya Gavana Mkuu. Alifariki akiwa kazini, tarehe 19 Desemba 1995. Siku hizi, watoto wachanga wanaokufa Barbados hawafiki 20 katika kila 1000. Hakufanya peke yake, la hasha. Ni kazi ya wauguzi, wakunga, mabwana afya, walimu na wazazi. Lakini kazi ya wengi lazima ipate mtu wa kuwafundisha hao wengi.

Haya, ndugu wanachama, tuje nyumbani. Naomba mambo matatu yafikiriwe kabla ya kunyoosha mikono.

La kwanza, tusimpeleke mtu kwa sababu amekaa bure. Tumpeleke anayeweza kufundisha, yaani mtu ambaye akiingia ua wa jirani anakaribishwa kiti, akisema chemsheni maji hachekwi, na akiambiwa siri ya nyumba haiishii kilabuni. Awe mtu ambaye miaka mitano ijayo tutakuwa naye hapa.

La pili, kama tutamchagua mama mwenye watoto, na wengi wanaofaa ni akina mama, basi tujibu swali hili leo na si kesho: akiwa masomoni, nani atapalilia shamba lake? Akiwa anazungukia kaya zetu, nani atamtekea maji? Tukisema ni shauri lake na mumewe, tujue tumeshamshinda kabla hajaanza. Ushirika wetu una zamu ya kupalilia shamba la pamoja. Napendekeza siku mbili katika zamu hiyo ziwe za mashamba ya hao wawili. Haigharimu senti.

La tatu, akirudi tumsikilize. Rangi ya zahanati ni nzuri, na mimi naipenda. Ila ukuta haumwambii mama mjamzito aende kliniki mapema, wala hauoni mtoto wa jirani amekonda. Mwaka huu nazungumza na watu ambao baadhi yao wamezika. Sitataja nyumba. Mnazijua.

Bibi Barrow hakuja na dawa mpya. Alikuja na watu waliofundishwa vizuri, akawarudisha kwao. Na sisi tunao watu. Kinga ni bora kuliko tiba, tumeshaimba sana. Leo tuipigie kura.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Endelea na ajenda.