Ua wa Nyumba na Ua la Bustani
Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Kazi ya Katibu ni daftari. Tangu tulipoingia ofisini tukiwa karani hadi leo, mmetusikia mara nyingi tukisoma mapato na matumizi, nanyi mmetuvumilia. Leo ni siku ya furaha, na Kamati imeturuhusu kulifunga daftari ili tuzungumze juu ya jambo tulipendalo, yaani bustani ya nyumbani. Hata hivyo daftari hilo tutalifungua tena kabla hatujaketi, kwa maana ndani yake mna deni ambalo yatupasa kulikiri mbele yenu.

Hapana shaka mkulima wa Kisarawe au wa Mkuranga atauliza: "Je, Katibu huyu ana akili timamu? Sisi twaleta mboga Dar es Salaam ili tuuze, naye awashauri watu wa mjini wapande zao wenyewe!" Swali hilo ni la haki. Twaomba mtusikilize hadi mwisho, ndipo mhukumu.

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Twasema ua wa nyumba, na twasema ua la mti. Sisi tuliozaliwa Kariakoo tulikua tukidhani kwamba ni kitu kimoja, kwa sababu hatukuona kimoja bila kingine. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyingi: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani. Wapangaji walikuwa wa makabila mbalimbali, lakini ua ulikuwa mmoja. Palikuwa na mpapai, na mlimao mfupi uliozaa kuliko kimo chake. Mchaichai ulisitawi pale maji yalipotokea bafuni, mrehani ulikuwa karibu na jiko, na asumini ilitambaa juu ya ukuta. Jioni vikonyo vyake vilipokaribia kufunguka, Mama yetu aliwachuma kina mama wenzake kila mmoja sehemu yake, na nyumba nzima ikanukia. Aliyekuwa na homa aliletewa chai ya mchaichai bila kuomba. Ushirika, mabwana, hatukuujua kwanza katika kitabu cha sheria, tuliujua uani.

Mji huu wenyewe umeandikwa kwa majina ya miti. Tuna Mnazi Mmoja na Mchikichini, tuna Mikocheni, Mkwajuni na Mwembechai, na ndani ya Kariakoo kuna Mtaa wa Mchikichi na Mtaa wa Mkunguni. Jina la Kariakoo lenyewe halikutoka shambani: latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Na hata soko letu kuu, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipewa paa la miavuli mikubwa ya zege, mfano wa miti ambayo wazee wetu walikuwa wakiuziana chini yake. Soko hilo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wengi wetu tuliokuwa tukipeleka mazao pale tulihisi kama tuliokatiwa mti wa kivuli.

Lakini nyua zimekwisha kabla ya soko kuungua. Ardhi ya Kariakoo imekuwa ghali mno, na ghorofa zimesimama hadi mpakani mwa kiwanja. Nyumba yetu nayo iliuzwa na warithi, kila mmoja akapata fungu lake, na hatumlaumu mtu. Siku ya kuhama, Mama hakupigania kitanda wala kabati. Alikata matawi ya asumini, akang'oa shina la mchaichai na mche wa mrehani, akavitia katika madebe matatu. Tukahamia chumba cha ghorofa ya tatu, mitaa miwili kutoka pale, na madebe yale yakakaa katika kibaraza kisichotosha watu wawili kuketi.

Hapo ndipo sisi tulipoanza kulima. Tulijiona tumesoma, maana tulikuwa na cheti cha kidato cha nne, na cha kwanza tulichofanya ni kuiua asumini. Madebe hatukuyatoboa chini, nasi tulimwagilia asubuhi, adhuhuri na jioni kwa mapenzi mengi. Majani yakawa manjano, yakapukutika. Mama akatutazama, akasema: "Mwanangu, mmea haufi kwa kiu tu. Hufa pia kwa kuzama." Alikuwa amebakiza tawi moja katika chupa ya maji, akijua kwamba tutakosea. Asumini iliyopo kwetu sasa yatokana na tawi hilo.

Basi twapenda kuwaeleza kwa ufupi mimea tuliyoifanya rafiki. Jambo la kwanza ni chombo. Debe, ndoo iliyopasuka, au kiroba, vyote vyafaa, ila vitobolewe chini na kuwekwa kokoto kidogo. Mchanga wa Dar es Salaam haushiki maji wala chakula, kwa hiyo uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi.

Mmea wa kwanza ni mchicha, nao ndio mwalimu wa wasio na subira. Mbegu zake ni ndogo sana. Zichanganywe na mchanga mkavu ndipo zisiangukie mahali pamoja. Huchipua kwa siku chache, na kwa muda wa wiki tatu hadi nne huwa tayari kwa kitoweo. Wa pili ni matembele. Hayo hayataki mbegu. Kipande cha rando chenye vifundo hutosha, na kadiri uchumavyo ndivyo yanavyozidi kutoa machipukizi. Wa tatu ni pilipili, ambayo mche mmoja ukitunzwa waweza kulisha nyumba kwa mwaka na zaidi. Wa nne ni mrehani, nao siri yake ni kukata vichwa vya maua mapema, ama sivyo huzeeka upesi. Nyanya twaiweka mwisho, kwa kuwa ni mgeni mwenye masharti: yataka jua, kijiti cha kuegemea na umwagiliaji wa kipimo, na udongo uliotumiwa mwaka huu usirudiwe mwakani, kwani wadudu wa mizizi hubaki humo. Kwa wadudu wa majani, twaponda majani ya mwarobaini, twayaloweka usiku mmoja, twachuja, kisha twanyunyiza jioni.

Wengine husema maua ni anasa. Twawakumbusha kwamba ua dogo la zambarau linalopambwa madirishani kote Ulaya na Marekani, lililoitwa kwa muda mrefu kwa kisayansi Saintpaulia, ni mwenyeji wa milima yetu ya Usambara. Mjerumani mtawala wa wilaya, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892. Watu wa mbali walilichukua ua letu katika chungu, wakalilea ndani ya nyumba zao zenye baridi. Je, sisi tushindwe kulea asumini katika nchi yetu ya jua?

Tena kuna jambo la afya. Watu wa mjini hawakuacha kulima; bonde la Mto Msimbazi, jirani kabisa na Kariakoo, limejulikana kwa matuta ya mchicha miaka mingi. Lakini mto ule hupokea taka za viwanda na za majumbani. Mwaka 1999 wanasayansi walichapisha uchunguzi wao juu ya mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, nao walikuta ndani yake madini mazito, miongoni mwake risasi. Madini hayo yakiwa yamekwisha ingia ndani ya jani, kuosha hakutoshi kuyaondoa. Mwenye ndoo yake ya udongo safi barazani ajua jani lake limekunywa maji gani. Nasi kama Chama chatupasa tuweze kumwambia mnunuzi wetu, bila kuficha, kila fungu limetoka shamba gani na limemwagiliwa kwa maji yapi.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twalifungua daftari.

Wanachama watakumbuka kwamba kwa muda mrefu mchicha uliofika katika genge letu la mjini ukiwa umenyauka uliandikwa kwa jina la mkulima, na thamani yake ikakatwa katika malipo yake. Aliyeandika makato hayo ni sisi, kwa mkono huu. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliona mboga imelegea, tukaandika neno moja, "hasara", tukapiga mstari kwa rula, tukaenda kunywa chai. Bibi mmoja, mwanachama tangu mwanzo, alikuja ofisini na karatasi yake ya malipo. Alisema kwa upole: "Katibu, mwanangu, mchicha huu haukunyauka shambani kwangu." Tulimjibu kwamba daftari halisemi mchicha ulinyaukia wapi. Akaikunja karatasi, akaenda zake.

Mwaka huo huo tulivuna mchicha wetu wa kwanza wa barazani. Tuliulea kwa siku ishirini na nane. Maji tuliyapandisha ghorofani kwa dumu, na usiku wa mvua kubwa tuliamka kuufunika. Tuling'oa mafungu matatu alfajiri, tukayaacha mezani, tukaenda kazini kwa haraka. Tuliporudi saa sita yalikuwa yamelala kama kitambaa kibichi. Shamba letu halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la saa zile sita, na mwenye saa zile alikuwa sisi wenyewe.

Tuliketi, tukamkumbuka Bibi yule. Juma lile tulikwenda kusimama mahali gari lishushapo mboga, tukaona kwa macho yetu mafungu yakiachwa juani hadi karani amalize kuhesabu. Karani mwenyewe alikuwa chini yetu. Tukapeleka pendekezo kwa Kamati, nayo ikalikubali: mboga zifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, zishushiwe kivulini, na kinachonyauka baada ya kupokewa kiwe hasara ya Chama, si ya mkulima. Makato ya zamani tuliyoweza kuyapata katika vitabu yamerudishwa. Bibi yule yupo hapa leo, ameketi safu ya pili. Fedha yake amekwisha ipokea. Kilichobaki ni neno, nalo twalisema mbele ya watu wote: Bibi yetu, tulikukosea, twakuomba radhi.

Hilo ndilo jibu letu kwa mkulima aliyeuliza swali mwanzoni. Ndoo tatu za barazani haziwezi kulisha nyumba ya watu saba. Mwenye nazo atakuja sokoni vilevile. Lakini atakuja akiwa mtu mwingine. Atajua fungu la mchicha limebeba siku ngapi, na hatalitupa chini akisema ni ghali. Aliyewahi kulea mche mmoja hamdharau aliyelea ekari. Ikiwa bustani ya ndoo imeweza kumfundisha Katibu, yaweza kumfundisha mnunuzi.

Kwa hiyo, pamoja na heri ya miaka kumi, twaweka mbele yenu ombi moja. Kila chama cha msingi kitenge kitalu kidogo cha miche: pilipili, nyanya, mrehani, matembele, na asumini kwa wapendao harufu njema. Miche hiyo iuzwe katika genge letu pamoja na mboga, na mkulima aileteye asimame siku moja kwa mwezi kuwaeleza wanunuzi namna ya kuitunza. Kwa njia hiyo mkulima atapata senti nyingine, na mtu wa mjini atapata ua lake, hata kama hana tena ua wa nyumba.

Bwana Mwenyekiti, Mama yetu ametutuma zawadi. Mlangoni mtakuta vikopo vyenye vitawi vya asumini vilivyokwisha toa mizizi, vyote wajukuu wa ile ya uani. Havitoshi watu wote, basi walio jirani wagawane. Vikopo tumekwisha vitoboa.