Mafuta yanapopanda, tutazame kiwandani

Bei ya mafuta ikipanda, macho hukimbilia kituo cha petroli. Mimi naomba tutazame kiwandani. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974, pipa la mafuta ghafi lilitoka dola 3 hivi hadi karibu 12. Japani, iliyoagiza takriban mafuta yake yote, ikaona uchumi wake ukisinyaa mwaka 1974. Walioumia zaidi ni wayeyushaji wa alumini: kazi yao hula umeme mwingi, na umeme wenyewe, kwa sehemu kubwa, ulifuliwa kwa mafuta. Viwanda vyao vikafungwa kimoja baada ya kingine, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 kikabaki kimoja tu, cha mji wa Kambara. Viwanda vya chuma vilipona kwa kunasa joto lililokuwa likipotea na kulitumia upya. Bei ilipoporomoka mwaka 1986, kiasi cha mafuta kwa kila bidhaa hakikurejea cha zamani, maana mitambo ilikwisha kubadilishwa.

Basi serikali zetu za Afrika Mashariki, zikitenga ruzuku ya mafuta, zivitengee viwanda pia mikopo ya mitambo inayobana nishati, na zianze kabla bei haijapanda tena.