Shamba la Nabothi na Ardhi ya Engare Nanyuki



Historia ya Usharika huu wa Meru haiwezi kusimuliwa bila kuitaja Engare Nanyuki. Tarehe 17 Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuwahamisha huko Wameru wapatao 3,000. Nyumba zao zilichomwa moto. Sababu iliyotolewa ilikuwa maendeleo: kufuatana na taarifa ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1947, eneo hilo lilitengwa kwa mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu, wafuge ng'ombe wa nyama na maziwa.

Tunapohubiri 1 Wafalme 21 twakimbilia mauaji ya Nabothi, tukaupita mwanzo wake. Ahabu alianza kwa adabu. Aliahidi shamba lililo bora zaidi, au fedha. Nabothi hakubishania bei. Alikataa kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake. Wameru nao walionyeshwa Kingori, wakaahidiwa fidia, wakaikataa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, aliifikisha kesi yao Umoja wa Mataifa. Katika Baraza Kuu theluthi mbili za kura hazikupatikana. Lakini Tanganyika ilikwisha kusikia.

Mkoloni aliondoka, swali likabaki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inahesabu hata uwekezaji wenye maslahi kwa taifa kuwa manufaa ya umma, na kwa ajili hiyo ardhi ya kijiji yaweza kuhawilishwa. Fidia imeamriwa iwe kamili, ya haki na ya haraka. Sipingi barabara wala kiwanda. Mimi mwenyewe nimefika hapa kwa lami. Ila sheria hiyo imeupa Mkutano wa Kijiji nafasi ya kusema, na hapo ndipo ninapowatazama Wazee wa Kanisa, maana wengi wenu mnaketi pia katika Halmashauri za Vijiji. Barua za Yezebeli, zenye mhuri wa mfalme, zilipelekwa kwa wazee wa mji, nao wakatii bila kuuliza.

Basi, Wazee wangu, mtakapoletewa muhtasari ili mtie sahihi, usomwe kwanza kwa sauti mbele ya wenye mashamba. Na wale waliokuwa watoto mwaka 1951 wangali nasi, ingawa wachache. Kamati ya Historia iwaendee majumbani mwao kabla ya Krismasi, na maneno yao yaandikwe.