Sukari Inapimwa, Mzigo wa Moyoni Nani Anaupima?



Leo siongelei katiba wala daftari la wapiga kura. Naongelea kisukari. Na msiniambie ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi: kisukari aina ya kwanza kinamkamata hata mtoto wa shule, na bila insulini haishi.

Mgonjwa wa kisukari hana likizo. Kila siku anapiga hesabu: nile nini, nichome kiasi gani, hela ya insulini mwezi ujao itatoka wapi? Sukari ikishuka sana, anazimia. Ikikaa juu muda mrefu, inamla macho, figo na miguu. Halafu mtaani anaambiwa kajitakia!

Kuelemewa huko si lazima iwe sonona, ingawa viwili hivyo huweza kuandamana. Na kunapimika. Mwaka 1995 William Polonsky na wenzake huko Boston, Marekani, walichapisha dodoso liitwalo PAID. Lina maswali 20: unaogopa madhara ya baadaye? Unajilaumu ukikiuka masharti? Unajiona mpweke? Kila jibu lina alama 0 mpaka 4. Unajumlisha, unazidisha kwa 1.25, unapata alama kati ya 0 na 100. Kuanzia 40, mzigo ni mzito, mtu anahitaji msaada. Hapo hakuna mashine wala maabara. Ni karatasi, kalamu na mtu mwenye muda wa kusikiliza.

Sasa muda huo uko wapi, ikiwa foleni inafika getini? Mgonjwa akija sukari iko juu, anagombezwa. Hakuna anayeuliza kwa nini ameacha sindano. Aliyechoka moyoni ukimfokea humponyi, unamfukuza kliniki.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023. Sawa. Sisi tuulize: ushauri nasaha umo, au tunaishia kwenye dawa? Tudai dodoso la Kiswahili, lililojaribiwa kwa wagonjwa wetu, kila kliniki ya kisukari. Tudai na wahudumu wa kulifanyia kazi, maana kumuuliza mtu maumivu yake kisha ukamwacha hivyo hivyo ni kumtonesha kidonda.

Na wewe usisubiri serikali. Ukikutana na mwenzako mwenye kisukari, usiishie kwenye "sukari ngapi leo?" Muulize, "Unaendeleaje nao huu mzigo?" Kisha nyamaza, umsikilize.