Kazi ya Polisi na Mpaka Wake



Huonekana mara nyingi sokoni: mtu hupigiwa kelele za mwizi, na kabla hajaulizwa jina lake, mawe yamekwisha kumfikia. Wampigao hudhani wanatenda haki, kumbe wamejifanya askari, hakimu na mnyongaji kwa wakati mmoja.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imezitenga kazi hizo. Polisi hulinda roho za watu na mali zao, huzuia uhalifu, na huupeleleza ukiisha kutendeka. Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye mwenye madaraka juu ya mashtaka ya jinai. Hukumu ni ya mahakama. Aliyekamatwa kwa tuhuma yapasa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, naye huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe.

Basi askari naye ana mpaka wake. Sheria ya mwaka 2012 imeyapiga marufuku mateso, na ungamo lililotolewa kwa kipigo halikubaliwi kuwa ushahidi. Kwani apigwaye husema lolote apate kupumua, na mwizi wa kweli akabaki akitembea.

Lakini polisi hawaoni nyuma ya kila ukuta. Amjuaye mhalifu akanyamaza kwa udugu au kwa hofu, amewafumba macho. Uislamu umeamuru ushahidi wa haki, ijapokuwa juu ya nafsi, wazazi au jamaa.

Aliyeona na ashuhudie, askari na apeleleze, hakimu na ahukumu.